Kuhuisha Zama za Kati kwa Uhalisi: Mwongozo wa Kuandaa Vazi la Fundi wa London wa Miaka ya 1370

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini wapo watu wa kawaida, walimu, madereva, wauguzi na wahandisi, ambao mwisho wa juma huvaa nguo za karne zilizopita, hupiga mahema, hupika kwa kuni na kufanya kazi za mikono jinsi zilivyofanywa kabla ya mashine. Hapa tutawaita wahuishaji. Vikundi vyao havilingani kwa ukali. Society for Creative Anachronism, iliyoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, humtaka mhudhuriaji ajaribu tu kuvaa vazi la kabla ya karne ya 17, ilhali vikundi vingine, hasa vya Ulaya, hukagua kila kitu kuanzia kofia hadi uzi wa mshono kabla ya mtu kuruhusiwa kuingia kambini. Mwongozo huu ni wa yule ambaye amekwisha kuvutiwa na burudani hii na sasa anataka vazi lake la kwanza listahimili swali ambalo kila mhuishaji makini hulazimika kulijibu: umejuaje?

Hatua ya kwanza: chagua mtu mmoja, mji mmoja na muongo mmoja

Zama za Kati za Ulaya huhesabiwa takribani kuanzia karne ya 5 hadi ya 15. Kati ya kutawazwa kwa Charlemagne mwaka 800 na kuchomwa moto kwa Jeanne d'Arc mwaka 1431 imepita zaidi ya miaka mia sita, na mtu wa enzi ya kwanza angeonekana kituko katika mitaa ya enzi ya pili. Anayesema kwamba anahuisha “Zama za Kati” kwa jumla hatakuwa na namna ya kukosea, na kwa sababu hiyo hatakuwa na namna ya kupatia. Ukitaja mtu, mahali na muongo, maswali yanaanza kuwa na majibu: alivaa nini, alinunua wapi, alimudu nini, na sheria ilimkataza nini.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni wa fundi wa mikanda, mwanamume aliyemaliza uanagenzi na anayefanya kazi kwa ujira katika karakana ya London katika miaka ya 1370. Mafundi wa mikanda wa mji huo walikuwa na hati yao ya kifalme tangu mwaka 1327, hivyo tunajua kwamba kazi hiyo ilikuwepo na ilikuwa na utaratibu. Isitoshe, wanaakiolojia waliochimba kingo za mto Thames, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, walikuta tope lililoloa maji muda wote na kukosa hewa, ambalo lilikuwa limehifadhi vipande vya nguo za sufu, viatu, mikanda na visu vya karne hiyohiyo. Ni miji michache ya Ulaya iliyotuachia takataka nzuri kiasi hicho.

Wageni wengi hutamani kuanza na kabaila au shujaa wa vita. Nashauri waache, walau kwa miaka ya mwanzo. Vazi la kabaila linadai hariri, manyoya na vito ambavyo bei yake haijashuka sana tangu enzi hizo, na anayeyabadilisha yote kwa poliesta inayong'aa huishia kufanana na pazia la ukumbi wa harusi. Fundi aliyevaa sufu nzuri iliyokatwa vizuri ana gharama ndogo na uhalisi mkubwa zaidi.

Msomaji mwenye asili ya Afrika anaweza kujiuliza kama ana nafasi katika picha hii. Anayo. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, ipo sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa katikati ya karne ya 13, ikimwonyesha mwanajeshi mweusi mwenye sura ya Kiafrika, amevaa deraya kamili. Sanamu hiyo hutegemewa pia na wanaotengeneza deraya, kwa kuwa ni mojawapo ya picha za awali kabisa za koti la kitambaa lililotiwa mabamba ya chuma kwa ndani. Nako London, wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya tauni ya East Smithfield, ya miaka ya 1348 hadi 1350, wameripoti kuwepo kwa watu wenye asili ya Afrika miongoni mwa waliozikwa. Kwa hiyo mtu mweusi katika karakana ya London hahitaji kutungiwa kisa cha ajabu.

Wengine hupendelea kumhuisha mtu wa pwani yetu wa wakati huohuo, na vikundi vyenye mipaka mipana huliruhusu hilo. Hapo pia nidhamu ni ileile. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza mavazi aliyopewa na wenyeji wake wa Mogadishu: kikoi cha hariri cha kufunga kiunoni, vazi la juu la kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba cha Misri. Ameeleza pia wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, tangawizi mbichi na maembe. Kilwa kwenyewe vimefukuliwa vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyochongwa kutoka vigae vya vyungu, dalili kwamba pamba ilisokotwa hapo hapo. Ushahidi wa maandishi, hata hivyo, ni wa mji mmoja na wa watu wa daraja la juu, na anayeutumia aseme hivyo. Asije na kanga, ambayo ni ya karne ya 19, wala muhogo na mahindi, vilivyokuja baada ya Wareno kufika mwaka 1498.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi, kisha uutilie shaka

Ushahidi wa vazi la karne ya 14 hutoka katika makundi manne: vitu vilivyofukuliwa, mavazi machache yaliyosalia mazima, picha na sanamu, na maandishi. Kila kundi lina namna yake ya kupotosha, na sehemu kubwa ya ustadi wa mhuishaji ni kujua namna hizo.

Vitu vya ardhini vinasema kweli kuhusu vilivyosalia na kunyamaza kuhusu vilivyooza. Katika tope la Thames sufu na hariri zilihifadhika, lakini kitani, ambacho ni nyuzi za mmea, kimepotea karibu chote. Mtu asiyejua hili angeweza kudhani kwamba watu wa London hawakuvaa mashati, ilhali maandishi na picha vinathibitisha kwamba kitani kilikuwa nguo ya ndani ya kila mtu.

Mavazi mazima ni machache mno. Mkusanyo mashuhuri kuliko yote ni wa Herjolfsnes, Greenland, ambako mwaka 1921 Mdenmaki Poul Nørlund alifukua makaburi ya walowezi wa Kinorwe na kukuta kanzu, kofia za mabega na soksi ndefu za sufu zilizotumika kama sanda. Leo zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Copenhagen. Mwaka 1936 yalipatikana masalia ya mtu katika kinamasi cha Bocksten, karibu na Varberg, Sweden, akiwa na kanzu, joho, kofia na soksi zake. Huko Lyon, Ufaransa, ipo koti ya hariri inayohusishwa na Charles wa Blois, aliyeuawa vitani Auray mwaka 1364. Kwa kuwa ruwaza za nguo hizi zimechorwa na kuchapishwa, wahuishaji wa kila nchi huzikimbilia, na hapo ndipo hatari ilipo: Greenland haikuwa London. Sufu ya Greenland ilifumwa nyumbani kwa ufumaji wa mshazari, wakati vipande vingi vya London vya mwishoni mwa karne ya 14 ni vya ufumaji sahili, uzi mmoja juu na mmoja chini, ambavyo baada ya kufumwa vilikandwa majini hadi nyuzi zikashikana. Mkato wa Greenland unaweza kukufundisha jinsi vipande vya pembetatu vinavyoongeza upana wa kanzu. Usiukope wote pamoja na kitambaa chake ukadai ni wa London.

Picha nazo zina mtego wa tarehe. Zaburi ya Luttrell, kitabu kilichochorwa Lincolnshire takribani kati ya miaka ya 1320 na 1340 na ambacho sasa kimo British Library, imejaa wakulima, wapishi na wasafiri waliochorwa kwa uchangamfu mkubwa, na kila anayeanza huiona kuwa hazina. Ni hazina kweli, lakini kuanzia miaka ya 1340 mtindo uligeuka: kanzu pana zikaanza kubana mwili, mikono ikakatwa mbali na kushonewa kwenye tundu la bega, na vifungo vikaenea. Fundi wetu wa miaka ya 1370 akivaa kama mkulima wa Luttrell ataonekana amevaa nguo za babu yake. Jambo hilo linawezekana kwa mzee, na pengine kwa kijana fukara, mradi uwe umelichagua. Pia uwe mwangalifu na malaika, manabii na watakatifu, kwa sababu wachoraji waliwavisha mavazi ya kale au ya kubuni. Mtazame mchungaji wa kondoo aliyesimama pembeni, ambaye mchoraji alimchora kwa kumtazama jirani yake.

Maandishi yaliyo muhimu kwetu ni sheria ya mavazi ya mwaka 1363, iliyotungwa na Bunge la mfalme Edward III wa Uingereza. Kwa mafundi iliweka kikomo cha shilingi 40 kwa jora zima la sufu, ikawakataza hariri, vito na mikanda ya fedha, na wake zao wakaruhusiwa manyoya ya mwanakondoo, sungura, paka na mbweha tu. Wachunga ng'ombe na wakulima wa chini walipangiwa sufu nene na duni. Sheria hiyo ilifutwa muda mfupi baadaye, na hakuna anayetunga sheria ya kukataza jambo lisilofanywa na mtu. Isome kama orodha ya mambo ambayo mafundi walianza kuyamudu na ambayo wakubwa wao hawakupenda kuyaona.

Hatua ya tatu: fungua daftari la ushahidi

Kabla ya kununua chochote, chora jedwali lenye safu tatu. Katika safu ya kwanza andika kitu unachotaka, katika ya pili ushahidi wake pamoja na mahali na mwaka, na katika ya tatu kiwango cha uhakika. Viwango vitatu vinatosha: kimethibitishwa mahali na wakati wako, kimethibitishwa jirani, ama kwa nchi ama kwa miaka, au ni kisio lako. Kofia yenye mkia mrefu kwa nyuma, kwa mfano, itaingia katika kiwango cha kwanza. Mshono fulani wa ndani wa shati utaingia katika cha tatu, kwa kuwa mashati yenyewe yameoza. Makisio hayaaibishi, maana bila hayo hakuna vazi linalokamilika. Linaloharibu kazi ni kisio lililosahaulika kuwa kisio, likarithishwa kwa mgeni mwingine kama ukweli, hadi kambi nzima ikawa imevaa kitu ambacho hakikupata kuwepo. Ndiyo maana picha ya mhuishaji mwingine, hata awe stadi kiasi gani, haistahili kuingia katika safu ya pili.

Hatua ya nne: nunua kitambaa sahihi

Ukiwa na fedha za kufanya vizuri jambo moja tu, zitumie kwenye kitambaa. Sufu halisi huanguka mwilini, hunyonya jasho, hukinga mvua nyepesi na haishiki moto upesi, sifa ambayo utaithamini utakapokuwa ukiinama juu ya kuni. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa kanzu na kofia tafuta sufu ya gramu 300 hadi 400 kwa mita mraba, iliyokandwa kiasi kwamba ukiikata ukingo haufumuki. Kwa shati na nguo za ndani tafuta kitani cha gramu 150 hivi. Mwanamume wa wastani atahitaji takribani mita 2.5 za kitani kwa shati, mita 3 za sufu kwa kanzu, mita 1 kwa kofia na mita 1.5 kwa soksi, ikiwa kitambaa kina upana wa sentimita 150. Vifue vyote kabla ya kukata, kitani kwa maji ya moto na sufu kwa maji ya vuguvugu, ili visinywee baada ya kushonwa.

Wauzaji huita vitambaa majina ya kila namna, hivyo omba kipande kidogo ukakijaribu nyumbani kwa moto, ukiwa juu ya sahani ya udongo, na maji yakiwa karibu. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika vidoleni. Kitani na pamba huwaka haraka kama karatasi na kuacha jivu laini. Kitambaa cha viwandani huyeyuka na kuacha tone gumu. Mchanganyiko wenye sufu nyingi na nailoni kidogo utakupa majibu ya katikati, na mfuko wako ndio utakaoamua kama unaukubali. Mimi ningeukubali kwa joho na kuukataa kwa soksi.

Rangi nayo ina historia. Nyekundu ya kawaida ilitoka katika mizizi ya Rubia tinctorum, buluu katika majani ya Isatis tinctoria, na manjano katika mmea wa Reseda luteola, huku shabu ikitumika kushikiza nyekundu na manjano katika nyuzi. Kijani kilipatikana kwa kutia buluu na manjano katika kitambaa kimoja. Nyekundu kali kuliko zote ilitoka kwa wadudu wa mialoni wa nchi za Mediterania na ilikuwa ya matajiri. Ile ya wadudu wa dungusi kakati wa Meksiko haikujulikana Ulaya hadi karne ya 16. Nyeusi iliyokolea ilikuwa ngumu na ghali, kinyume na sinema zinavyotuzoesha, na hudhurungi na kijivu za sufu isiyotiwa rangi zilikuwa za watu wa chini. Fundi wetu angependa rangi. Usimvishe vumbi kwa kudhani kwamba zama zile zilikosa furaha: mpe buluu ya wastani, au nyekundu iliyofifia kidogo kwa jua.

Hatua ya tano: kata na ushone kuanzia ndani kwenda nje

Anza na shati na suruali fupi, pana, ya ndani, vyote vya kitani cheupe. Aliyewahi kuketi karibu na fundi wa kanzu wa Lamu au Unguja ataelewa mkato wa shati hili mara moja, kwa sababu umejengwa kwa kanuni ileile: badani za mstatili, mikono ya mstatili, taharizi za pembetatu ubavuni ili kuongeza upana wa chini, na vikwapa vya mraba ili mkono uinuke bila kuchana mshono. Mkato wa namna hii haupotezi kitambaa. Shona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, kwa bandi fupi fupi, kisha kunja kingo na kuzilaza chini ili mshono uwe bapa na usisugue ngozi.

Baadaye zije soksi. Hazikufumwa kama za leo. Zilikatwa kutoka kitambaa cha sufu, na zilikatwa mshazari ili zivutike kwenye paja na goti. Hapa ndipo wanaoanza hushindwa, kwa kuwa hukata kufuata uzi ulionyooka ili kuokoa kitambaa, na matokeo yake soksi huning'inia na kukunjamana kifundoni. Tengeneza kwanza kielelezo kwa shuka kuukuu, kikatwe mshazari, kibane mguuni kwa pini ukiwa umesimama, na ndipo uhamishie mkato wake kwenye sufu. Soksi hufungwa kwa kamba kwenye mkanda wa suruali ya ndani, kila mguu peke yake.

Kanzu ya sufu ya miaka ya 1370 hufuata mwili kifuani, hupanuka kuanzia kiunoni kwa vipande vya pembetatu, na hufunguka mbele kwa vifungo. Mikono hubana kuanzia kiwiko hadi kifundo na hufungwa kwa safu ya vifungo vidogo. Vifungo hivyo ndivyo vinavyopendeza zaidi katika mabaki ya London: vingi vimetengenezwa kwa kitambaa kilekile cha nguo, duara dogo lililokusanywa kwa uzi na kujazwa makombo yake lenyewe hadi likawa gumu, kisha kikashonewa kwenye ukingo kabisa wa nguo, bila kuingia ndani kama vinavyoshonewa leo. Upande wa matundu uliimarishwa kwa utepe wa hariri uliobandikwa kwa ndani. Ukifuata mambo haya mawili, yaani vifungo vya kitambaa na kuviweka ukingoni, nguo itabadilika sura hata kwa jicho la asiyejua sababu.

Je, cherehani inaruhusiwa? Kwa maoni yangu, mshono mrefu wa ndani usioonekana unaweza kushonwa kwa cherehani na yeyote asiye na muda, mradi pindo, shingo, matundu ya vifungo na kila kinachoonekana vishonwe kwa mkono. Kambi nyingine zitakataa hata hilo, kwa hiyo uliza mapema. Nimeona pia kwamba watu wakishashona shati moja lote kwa mkono huacha kuuliza, kwa kuwa mshono wa mkono kwenye kitani ni rahisi kuurekebisha na hudumu sana.

Mwanamke wa daraja hilohilo atahitaji gauni refu la ndani la kitani, kanzu ya sufu inayofika chini, soksi zinazoishia chini ya goti, na mtandio wa kitani. Mtandio si pambo: mwanamke aliyeolewa alifunika nywele, na nywele zilizoachiwa mabegani humfanya mke wa fundi afanane na bikira wa kwenye mchoro wa kanisani.

Hatua ya sita: viatu, mkanda na vya mkononi

Viatu vya wakati huo vilishonwa nje-ndani na kugeuzwa baada ya kukamilika, hivyo mshono ulibaki ndani. Havikuwa na kisigino, na soli yake ilikuwa ngozi nyembamba. Baadhi ya viatu vya London vya mwishoni mwa karne hiyo vina ncha ndefu zilizojazwa kuvumwani au nywele, ambazo fundi kijana angeweza kuzitamani. Nunua vilivyotengenezwa kwa ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kwa kuwa dabaghi ya kromiamu ni ya karne ya 19. Majani yaliyolowa yatakuangusha. Tembea kwa hatua fupi, au vaa viatu vya mbao juu ya viatu vyako kama walivyofanya wenyewe. Buti nyeusi zenye soli ya mpira, zikionekana chini ya kanzu nzuri, hufuta kazi ya miezi.

Mkanda ndio kazi ya mtu wetu, basi uwe mzuri kuliko vitu vingine vyote: mwembamba, wa ngozi, wenye bizimu ya shaba. Uning'inize kisu kidogo na kifuko. Ondoa saa, na miwani ikiwezekana. Miwani ilikwisha kuvumbuliwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, lakini ilikuwa vioo viwili vilivyopigiliwa pamoja na kushikwa puani. Vikono vya masikioni vilikuja karne ya 18. Kama huwezi kutumia lenzi za machoni, baki na miwani yako, kwa sababu mtu asiyeona vizuri karibu na moto na mashoka ni hatari kwake na kwa wenzake.

Kuhusu silaha nitasema machache, maana kila kikundi kina kanuni zake za usalama na hizo hutangulia historia. Fundi wa London hahitaji deraya. Atakayeitaka aanze na mabaki ya makaburi ya halaiki ya Visby, Gotland, ya vita vya mwaka 1361, ambako watu walizikwa na deraya zao. Ajue pia kwamba upanga wa mkono mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5 tu.

Hatua ya saba: chungu na sahani

Ondoa jikoni viazi mviringo, nyanya, mahindi, pilipili kali, maharage ya kawaida, bata mzinga na kakao, vyote vya Amerika, ambavyo havikuwepo Ulaya kabla ya 1492. Kinachobaki kinatosha: mkate, shayiri, njegere kavu, kabichi, vitunguu, jibini, mayai, nyama ya nguruwe na samaki wa chumvi. Ijumaa na Kwaresima nyama ilikatazwa, na wenye uwezo walitumia maziwa ya lozi badala ya yale ya ng'ombe. Mapishi ya jikoni kwa Richard II, yaliyokusanywa takribani mwaka 1390, yamejaa tangawizi, mdalasini, zafarani na karafuu, na msomaji wa Zanzibar akumbuke kwamba karafuu hizo zilitoka Maluku, karne nyingi kabla ya mashamba ya Unguja na Pemba. Mapishi hayo ni ya mfalme, hayataji vipimo, na fundi angeyaonja kwa nadra. Kula kwa kijiko na kisu chako mwenyewe kutoka bakuli la mbao, bila uma. Kwa afya, tumia vyombo visivyo na risasi na ufiche kasha la barafu chini ya turubai. Nyama iliyooza haina uhalisi wowote unaohitajika.

Hatua ya nane: amua mapatano yako, uyaseme wazi

Huko Treigny, katika jimbo la Burgundy, Ufaransa, tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga ngome ya Guédelon kwa mbinu za karne ya 13: mawe huchongwa palepale, mbao huchanwa kwa shoka, na mizigo hupandishwa kwa gurudumu kubwa linalozungushwa na watu wanaotembea ndani yake. Hata hivyo huvaa viatu vya usalama, na miwani ya kukinga macho wanapochonga mawe, na hawamfichi mgeni kwa nini. Fuata mfano huo. Andika katika daftari lako mambo uliyoyaacha kwa ajili ya usalama, afya, imani au bei, na mtu akiuliza mweleze bila kujitetea. Mwislamu asiyetumia nyama ya nguruwe, kwa mfano, hana sababu ya kubuni kisa cha karne ya 14. Atasema anakula njegere na samaki, na njegere na samaki vilikuwepo.

Adabu ya kambini inataka usimsahihishe mtu ambaye hakukuuliza. Ukiona kosa kwa mgeni, mwazime kofia, au mwalike mje mshone pamoja. Nawe uliza wakubwa wa kikundi wakukague kabla ya siku yenyewe, kipande kwa kipande, na wakitaja kosa waulize swali lilelile la ushahidi, kwa heshima. Mara nyingine ni wao wanaorudia kisio la zamani.

Baada ya tukio, kitani kifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Sufu isifuliwe kila mara: ipigwe brashi tope likikauka, ianikwe upeponi, kisha ihifadhiwe katika mfuko uliofungwa barabara, kwa kuwa viwavi vya nondo vitakula kazi yako yote katika msimu mmoja. Viatu vijazwe karatasi na kukaushwa mbali na moto, halafu vipakwe mafuta. Makombo ya sufu yaweke katika kikapu cha sindano. Yatakuwa vifungo vya nguo ijayo na viraka vya hii uliyonayo, na kiraka kilichoshonwa vizuri kwenye kiwiko kinaruhusiwa kuonekana.